Kitanda Juu ya Injini

Mie ni mfupi. Nalisema mwanzo kabisa ili msinitafute mbali. Nikisimama kando ya lori la kawaida, macho yangu yako sawa na taa zake za mbele. Nikisimama kando ya lori lililonyanyuliwa, yako sawa na nati za tairi. Kwa hiyo nati za tairi nazijua kuliko mtu yeyote Pemba, na hiyo si sifa niliyoitafuta.

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyie mliobaki kwenye karakana yetu ya Wete mmeniomba niwaandikie. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Hayo yako kwenye mafaili, na mafaili yana watu wake. Nitaandika jambo moja mnalokutana nalo kila asubuhi na hakuna aliyewafundisha chuoni: namna ya kuifikia injini iliyo juu kuliko weye, ukae nayo kutwa nzima, kisha jioni urudi nyumbani ukiwa umenyooka.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa ovaroli mpya inayonuka dukani, mtandio nimeufunga nyuma ya shingo usije ukanaswa na feni. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kombo, mtu wa Makoongwe. Nilimkuta kazama ndani ya injini ya lori la pua ndefu, miguu yake tu ndiyo inaning'inia nje. Nikaisalimia miguu.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykumu ssalaam. Nani?"

"Mize. Fundi mpya."

Miguu ikatulia. Kisha kichwa kikatoka, cheusi kwa grisi, kikanitazama kuanzia juu mpaka chini, safari ambayo haikuchukua muda.

"Weye ndiye fundi?"

"Ndiye mie, Mzee."

"Na mwengine yuko wapi?"

"Mwengine yupi?"

"Atakayekubeba."

Akanipa spana na kunionesha paipu ya maji nyuma ya injini. Nikapanda juu ya bampa. Nikasimama kwa ncha za vidole. Nikanyoosha mkono mpaka bega likalalamika, na kati ya spana yangu na ile paipu pakabaki nafasi ya kulaza mkate. Kati ya mafundi waliokuwapo hakuna aliyecheka kwa sauti. Walicheka puani, na hicho ndicho kicheko kirefu zaidi.

Wanaume wa siku zile walikuwa na njia yao. Mmoja anaingia kichwa mbele mpaka kiunoni, mwenzake anamshika vifundo vya miguu asije akatumbukia. Ndivyo walivyofanya kazi, wawili wawili, mmoja akitengeneza na mmoja akishika miguu na kupiga soga. Kwangu mie mlango huo ulifungwa tokea mwanzo. Hapakuwa na mwanamme karakana nzima ambaye angethubutu kunishika miguu, na angalikuwepo, mama yangu asingalisubiri anawe grisi kabla ya kuja kumuuliza.

Baada ya sala ya adhuhuri Mzee Kombo aliliwasha lile lori, akalizungusha nyuma ya karakana, mahali ambapo mlima umekatwa na kubaki ukuta wa udongo mwekundu. Mnaijua Pemba yetu: ukitaka kiwanja cha kuegesha gari, lazima ule mlima kidogo. Akaliegesha pua ikagusa ukingo. Akazima, akazunguka, akapanda mlimani, akaniita.

"Njoo huku juu."

Nikapanda. Nikasimama ukingoni, na injini yote ikawa iko chini yangu, imefunguka kama sufuria la pilau lililoondolewa mfuniko. Paipu ile nilikuwa naiangalia kutoka juu. Nikainama tu, kama mtu anayeokota kanga, nikaikaza.

"Hukuwa mfupi," Mzee Kombo akasema, huku akijifuta mikono. "Gari ilikuwa imeegeshwa vibaya."

Kisha akanifundisha kuzuia tairi kwa magogo, mbele na nyuma, kila mara, hata kwa kazi ya dakika mbili. Breki ya mkono, alisema, niichukulie kama mtu anayeapa sana.

Ukingo ule ukawa mahali pangu kwa miaka. Msimu wa karafuu ulikuwa mzuri kupita yote. Majamvi yalitandikwa kando ya barabara, karafuu zikabadilika rangi juani, na harufu yake ikapanda mlimani ikanikuta nimeinama juu ya dizeli inayochemka. Harufu hizo mbili zilioana kichwani mwangu na hazijaachana mpaka leo. Nikiletewa chai yenye karafuu, mkono unakwenda mfukoni kutafuta spana namba kumi na saba.

Halafu magari yakaanza kukua.

Aliyeanzisha ni Bwana Seif, mtu wa Wingwi. Wazee wake walikuwa na mashamba makubwa; yeye alikuwa na lori, akibeba ng'ombe na mihogo kwenye njia ambazo mvua ikinyesha hazijulikani kama ni njia au ni mto. Kwanza aliongeza majani ya springi. Halafu akatia vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Halafu tairi kubwa. Lori likaumuka kama mkate wa kumimina uliozidishwa hamira. Watu wakaliita Twiga, na Bwana Seif akalipenda jina, akaliandika kwa rangi ya kijani juu ya kioo. Katika muda mfupi kila mwenye lori wa kaskazini akataka twiga wake.

Ukingo wetu haukunyanyuka pamoja nao. Kinyume chake, kila masika yaliulamba kidogo, na injini ya Twiga ikawa tena sawa na kidevu changu. Mzee Kombo alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Makoongwe. Msimamizi sasa alikuwa Shaame, mtu mrefu hata mlangoni huingia kwa kuinama, fundi hodari na mtu mwema, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kumdai kwa miaka ya kukunjwa juu ya bampa.

Nilijaribu kila kitu, na naviandika hapa ili nyie msivirudie. Pipa la mafuta hubiringika, na huchagua wakati wa kubiringika. Ngazi ya kuegemeza hukuacha na mkono mmoja, kwa sababu wa pili unashikilia ngazi. Kuingia ndani na kuchutama juu ya injini yenyewe kunawezekana kama hutaki magoti yako, alama ninazo. Afadhali kidogo ni kuzungusha usukani mpaka mwisho ili tairi ya mbele itokeze nje, ukapanda juu yake kama kidato. Kwa kazi ya nusu saa inatosha.

Lakini njia zote zilikuwa na kosa moja, na mie lilinichukua miaka kulielewa. Zote zilinyanyua miguu. Miguu yangu haikuwa na shida. Kinachofanya kazi juu ya injini ni kifua. Kifua ndicho kinacholazwa juu ya bati kali la mbele kutwa nzima, na mbavu ndizo zinazobeba mwili wote huku mikono ikihangaika.

Nililielewa siku kreti ya soda niliyoisimamia ilipovunjika chini ya mguu wangu. Nilikuwa nimeinama juu ya injini ya Twiga. Nikaangukia kufuli ya boneti kwa ubavu, na pumzi yote ikatoka, nikabaki nimeanikwa pale kama shuka, nawasikia wenzangu wakiulizana kama nimelala.

Ubavu ulipata ufa. Shaame alikuja nyumbani kunitazama, kaleta machungwa, akakaa kwenye kiti kilichomfikia kwenye mashavu ya miguu, na akazungumza kila jambo isipokuwa lililomleta. Mwisho akalisema.

"Bi Mize, ukipona utakwenda stoo."

"Stoo kuna nini?"

"Kuna kiti."

"Mie sikusomea kiti, Shaame."

"Najua. Lakini magari yote sasa yamekwenda juu, na weye hutokwenda juu. Siku nyengine utaanguka kichwa mbele, nije hapa nimwambie nini mama yako?"

Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Stoo maana yake ni kukabidhi boliti watakazokaza wengine. Maana yake ni kuisikia injini ikiwaka upande wa pili wa ukuta na kujua kwamba hukuigusa. Nilikuwa nimeingia karakana ile kwa sababu tangu mtoto, gari ikizimika njiani, nilitaka kujua kwa nini. Bado nilitaka.

"Twiga ana nini sasa?" nikamuuliza.

"Gasketi ya silinda hedi. Imeungua tena, mara ya tatu. Mie mgongo hauniruhusu, na wengine wanakwepa."

"Basi niachie mie. Siku moja, asubuhi mpaka magharibi. Mikono itakayoingia ndani ya injini iwe yangu peke yangu. Nikishindwa, nitakwenda stoo kwa miguu yangu, na kiti nitakileta kutoka nyumbani."

"Utasimama wapi?"

"Hilo sijalijua bado."

Akacheka, akamenya chungwa, akanipa. "Haya. Baada ya wiki mbili."

Usiku na mchana sikuweza kulala chali wala ubavu. Siku ya tatu, mchana, kwa kuchoka tu, nikajigeuza kifudifudi juu ya kitanda cha kamba cha mama, na maumivu yakaondoka. Sikuamini. Nikatulia, nikasikiliza. Kila kamba ilikuwa imechukua fungu lake la uzito wangu, hakuna iliyonidai zaidi, na pale penye ufa palikuwa katikati ya kamba mbili, pananing'inia hewani bila kuguswa. Kichwa kilikuwa kimetokeza mwishoni mwa kitanda. Chini kulikuwa na kandambili yangu. Nikashusha mikono yote miwili, nikaiokota, nikaigeuza, nikaichomoa ukanda, nikaurudisha.

Nikamwita mama kwa sauti. Akaja mbio, akidhani nakata roho.

"Mama, nani alikisuka kitanda hiki?"

"Ndilo uliloniitia?"

Kwa chaki nikachora kwenye sakafu ya chumbani. Kitanda chembamba cha kamba za usumba wa nazi. Matendegu mawili ya mbele marefu, yasimame chini mbele ya bampa, yaunganishwe kwa vidato ili yawe ngazi. Mawili ya nyuma mafupi, yakae juu ya madigadi, moja kila upande, yamevishwa viatu vya gunia lililojazwa makumbi ya nazi yasikwaruze rangi. Kitanda kiishie katikati ya injini, na kutoka hapo kichwa na mikono vitokeze. Matendegu yachomoke, maana mlango wa karakana haukujengwa kwa ajili ya ndoto zangu.

Nikaupeleka mchoro kwa Fundi Hamad, seremala wa mtaani kwetu.

"Cha mtu au cha jini?" akauliza alipoona urefu wa matendegu ya mbele.

"Cha mie."

Akanitazama, akautazama mchoro, akaona bora asiulize. Alikuwa na mbao za mvule zilizokwisha kupigwa randa kwa ajili ya jeneza jipya la msikiti, na vipimo, alisema, vilikuwa karibu vile vile. Angetumia hizo kwangu na kukata nyengine kwa ajili ya msikiti. Nikamshukuru. Ningekuwa na akili, ningesimama hapo hapo nikafikiri.

Siku ya kazi ilipofika kulikuwa na manyunyu. Mie nilitangulia karakana alfajiri. Hamad, kwa kuzihurumia kamba mpya zisirowe, aliyalaza matendegu juu ya kitanda kwa urefu wake, akayafunga, akafunika yote kwa shuka jeupe, akawapa mafundi wake wawili wakibebe mabegani.

Sina haja ya kuwaeleza nyie. Jeneza likipita, mtu huacha alilo nalo. Hufuata, hata hatua chache, hutia bega, hubeba kidogo, humpisha mwenzake. Wala huulizi ni nani. Bega kwanza, kuuliza baadaye.

Muuza samaki alinawa mikono akatia bega. Kinyozi akaacha kichwa nusu, na mwenye kichwa akamfuata akiwa hivyo hivyo, upande mmoja unang'aa. Mafundi wa Hamad mwanzo walidhani wanasaidiwa kwa ajili ya mvua. Walipogundua, walikuwa wameshapokewa mzigo mpaka wakabaki nyuma ya umati, na tahalili ya kusindikiza maiti imepanda, na nani atakayepiga kelele juu ya tahalili kwamba hizi ni mbao? Waliloweza ni kunong'ona kwa walio mbele yao, "Karakana, karakana," na neno likapita mdomo kwa mdomo mpaka mbele, na watu wakaenda karakana, wakiamini kwamba marehemu alikuwa fundi na kuna jambo lake huko.

Mie nilikuwa langoni. Nikauona umati, nikaliona shuka jeupe. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikarudi nyuma kuwapisha.

Hawakupita. Waliingia.

Shaame, aliyekuwa kichwa wazi, akaanza kutafuta kofia. Wakakitua chini mbele ya Twiga, taratibu, kwa ile heshima yake. Manyunyu yaligonga mabati. Bwana Seif mwenyewe alikuwa kwenye pembe ya mbele, jasho limemlowesha kanzu; alikuwa akija kuliangalia lori lake, akakutana na msiba njiani.

"Nani, jamani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kila mtu akamtazama wa pembeni yake. Mkono wa fundi mmoja wa Hamad ukanyooshwa kutoka nyuma kabisa.

"Si mtu. Ni kitanda cha Bi Mize."

"Bi Mize yupi?" muuza samaki akauliza.

"Yule pale langoni."

Watu wote wakanigeukia, na wapo, wallahi, walioonekana kukereka kuniona mzima.

Aliyecheka wa kwanza ni yule mwenye nusu kichwa. Baada yake hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Bwana Seif peke yake hakucheka.

"Mie nimebeba mbao? Kutoka sokoni mpaka hapa, na tahalili?"

"Thawabu utapata, Bwana Seif," muuza samaki akamwambia. "Kwani Mola hakukuona ulivyotota jasho?"

"Nyamaza weye. Kitu hiki hakipandi juu ya gari yangu. Kesho nina ng'ombe wa harusi wa kupeleka Wingwi. Niwapeleke kwa gari iliyolaliwa na jeneza? Nuksi hii!"

Nikasogea mpaka mbele yake, nikanyanyua uso, maana hakukuwa na njia nyengine ya kumtazama.

"Bwana Seif, hiki si jeneza. Nimekichora mwenyewe kwa chaki sakafuni kwangu, kwa kipimo cha gari yako. Hakijabebwa na mtu yeyote isipokuwa nyie. Ukikikataa, sawa. Nani mwengine atakutengenezea leo?"

Akamgeukia Shaame. Shaame akaweka mkono kiunoni, nyuma, akatazama pembeni.

Bwana Seif akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Panda basi," akasema. "Lakini hilo shuka ondoeni."

"Mpaka magharibi, Bi Mize," Shaame akasema.

Nikachomeka matendegu, nikaweka viatu vya makumbi juu ya madigadi, nikapima kwa mkono kama kimetulia. Pakacha la spana nikalining'iniza kushoto. Nikasema bismillahi, nikapanda vidato vitatu, nikajilaza.

Tokea magari yaanze kukua, nilikuwa nimefanya kazi juu ya injini miaka yote ile na sikuwahi kuiona sawasawa. Niliiona kwa pembeni tu, vipande vipande, kama mtu anayechungulia nyumba ya watu kupitia uwazi wa mlango. Sasa nilikuwa ndani. Yote ilikuwa chini ya uso wangu, mistari ya boliti imejipanga, kila paipu najua inakotoka na inakokwenda. Kifua hakikuuma. Mikono yote miwili ilikuwa yangu. Nadhani nilicheka, kwa sababu muuza samaki alimwambia mwenzake, "Huyo anacheka na injini."

Watu hawakuondoka. Kazi zao walikuwa wameshaziacha, na maziko hayapo, wakakaa.

Nikamwaga maji, nikafungua mapaipu, nikalegeza boliti za hedi kutoka nje kuja kati, kidogo kidogo, hedi isijipinde. Nilipofika boliti ya nyuma kabisa, ile iliyojificha chini ya kioo karibu na ukuta wa kebini, nikatia soketi nikajiandaa kwa nguvu. Ikazunguka kwa vidole.

Nikaacha. Nikaijaribu tena. Ilikuwa haijakazwa.

Hapo nikaelewa gasketi tatu. Boliti ile hakuna fundi aliyewahi kuwa juu yake. Sote tuliivuta kwa pembeni, mkono umenyooka, tumbo juu ya bati, na mkono ukichoka unasema imetosha. Shaame aliikaza hivyo. Gasketi ya pili niliifunga mie mwenyewe, na niliikaza hivyo hivyo, na nikaenda nyumbani nikiamini nimeikaza. Tulikuwa tunaunguza gasketi za Bwana Seif kwa kukosa mahali pa kulaza kifua.

Nikamwita Shaame. Kwa urefu wake alipanda kidato kimoja tu. Nikamwonesha kwa vidole viwili. Alishuka, akaenda akasimama kivulini peke yake kwa muda.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nikashuka kusali. Niliporudi nikaona balaa. Kamba za usumba zikiwa mpya hunyooka, nami sikulikumbuka hilo, mie niliyezaliwa juu yake. Kitanda kilikuwa kimelegea tumbo chini. Nikilala tena, pua yangu ingegusa injini na mikono isingepata nafasi ya kuzungusha spana.

"Kimelegea," nikasema, na jua lilikuwa limeshageuka.

"Kwa hilo tu?" akajibu kinyozi.

Wanaume wote wale walikuwa na vitanda vya kamba makwao. Walikiteremsha, wakakizunguka, mmoja kwa mti wa kukazia, mmoja kwa goti, mmoja akihesabu, wakabishana kama kukaza kuanzie kichwani au miguuni. Bwana Seif alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, mpaka akashindwa.

"Hamjui kukaza nyie! Kamba inavutwa huku! Toka, toka nikuonesheni."

Akakunja mikono ya kanzu, akapiga goti, akakaza mwenyewe. Kilipopigwa kidole kililia kama ngoma.

Hedi ikanyanyuliwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye nguzo tatu zilizoegemezana. Wao walivuta, mie niliiongoza. Nikakwangua uso wa injini mpaka ukang'aa, nikaupima kwa rula ya chuma, nikalaza gasketi mpya. Hedi ikarudi. Nikakaza kutoka kati kwenda nje, mizunguko mitatu, kwa spana ya kupimia, ile inayolia boliti ikishakaza sawa. Boliti ya nyuma niliiacha mwisho. Nikajisogeza mbele juu ya kamba mpaka bega likawa juu yake, nikashusha mwili wangu wote, na kwa mara ya kwanza uzito wangu mdogo ulikwenda wote mahali ulipotakiwa. Spana ikatoa mlio wake. Imefika.

Jua lilikuwa limebakisha kama urefu wa mtu juu ya minazi nilipomwambia Bwana Seif awashe. Ikakohoa mara moja. Ikakohoa mara ya pili, na watu wakavuta pumzi. Kisha ikashika. Ikanguruma, ikatulia, ikazunguka laini, hakuna povu kwenye rejeta, hakuna moshi mweupe.

"Hii maiti yenu ina sauti!" muuza samaki akapiga kelele, na karakana yote ikalipuka kwa vigelegele vya wanaume, ambavyo ni vibaya, lakini sijasikia vizuri kuliko vile. Nilikuwa bado niko juu, nimelala, joto la injini linapanda usoni mwangu kama joto la chungu, na sikutaka kushuka.

Shaame akaja mpaka chini ya kichwa changu.

"Bi Mize."

"Naam."

"Nitengenezee na mie kimoja. Kirefu."

Yaliyobaki mnayajua, maana vitanda hivyo mnavilalia. Vipimo viko ukutani. Msivibadilishe bila kupima lori lililo mbele yenu. Tumieni kamba, sio ubao. Ubao haujui mbavu zenu ziko wapi. Kazeni kila Jumamosi. Zuieni tairi kwa magogo kabla ya kupanda, hata kama lori limekufa. Na mkikipeleka mahali popote, kipelekeni wazi, bila ya kufunika, mchana kweupe.

Siku yangu ya mwisho walikuja kuniita baada ya alasiri. Pilau lilikuwa limepakuliwa, waalikwa wameketi, na Shaame, aliyestaafu kabla yangu, kaja na fimbo yake kuniombea dua. Mie nilikuwa juu ya lori la mtu wa Kojani, lililoletwa asubuhi ile, lenye kelele ambayo hakuna aliyeijua.

"Bi Mize, shuka! Watu wanakungoja!"

"Nimeisikia inakotoka. Ngojeni."

"Chakula kinapoa! Leo umestaafu, jamani!"

Nikamsikia Shaame akija polepole, fimbo ikigonga saruji, mpaka akasimama chini yangu. Nilidhani naye ataniambia nishuke.

"Mwacheni," akawaambia. "Yuko kazini kwake."

Akavuta kiti, akaketi kando ya tairi, na mie nikaendelea.